Rangi ya Uzi Baada ya Kunywa Epoksi

Mtu anayeanza kupamba fimbo za kuvulia samaki kwa uzi huchagua rangi kwa kutazama vibiringo vilivyopangwa mezani, na hapo ndipo macho yanapomdanganya, kwa sababu rangi iliyo kwenye kibiringo siyo itakayobaki kwenye fimbo. Uzi wa kawaida wa nailoni hubadilika mara tu unapopakwa epoksi, gundi ya majimaji mawili yanayochanganywa na kukauka ikawa ngumu na angavu: mwekundu hukolea hadi ukawa damu ya mzee, wa buluu ya mbingu huelekea kwenye weusi, wa njano ukiwa juu ya fimbo nyeusi hupata ukijani wa matope, na mweupe karibu utoweke kabisa. Mafundi wengi huyachukulia mabadiliko haya kuwa kasoro inayopaswa kuzuiwa kwa dawa. Baada ya kujaribu rangi nyingi juu ya vipande vya fimbo zilizovunjika, mimi nimefikia msimamo tofauti: uwezo wa uzi kupitisha mwanga ndio mali kubwa kuliko zote tulizo nazo katika kazi hii, na fundi anayeuelewa anaweza kupata kina cha rangi ambacho uzi wowote uliozibwa usipitishe mwanga hauwezi kukitoa.

Kazi ya kwanza ya uzi si urembo. Pete zinazoupitisha mshipi kutoka kwenye rili, kifaa cha kuviringishia mshipi, hadi nchani zina miguu ya chuma iliyobapa, na miguu hiyo haiwezi kupigiliwa wala kukazwa kwa skrubu, kwa kuwa tundu lolote kwenye fimbo ya nyuzi za kaboni au ya faibaglasi lingekuwa mahali pa kuvunjikia. Kwa hiyo hufungwa kwa uzi uliozungushwa sambamba, mzunguko kando ya mzunguko, kisha ukafunikwa kwa epoksi. Kabla ya faibaglasi kuenea katikati ya karne ya 20, fimbo zilizothaminiwa zilitengenezwa kwa mianzi iliyopasuliwa, vipande 6 vya umbo la pembetatu vikiunganishwa kwa gundi. Mafundi wa wakati huo walizungushia hariri kwenye miguu ya pete, na pia mahali pengi katikati ya fimbo, ili vipande visiachane gundi ilipolegea. Gundi imara zilipopatikana, kanda hizo za katikati hazikuhitajika tena kwa nguvu, lakini wengi waliendelea kuziweka kwa sababu zilipendeza. Pambo la uzi, basi, lina nasaba ya kazi, na ninaamini hupendeza zaidi linapoendelea kuonekana kana kwamba lina kitu linachokishika.

Sababu ya rangi kubadilika inafaa kueleweka vizuri, maana ukiielewa unaweza kuyatabiri matokeo badala ya kuyashangaa. Uzi mweupe wa nailoni huonekana mweupe kwa kuwa ni mkusanyiko wa nyuzi ndogo nyingi zenye hewa kati yake. Mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye nailoni, kisha kutoka tena na kuingia kwenye uzi wa jirani, hupinda na kutawanyika kila unapovuka mpaka, na mtawanyiko huo ndio tunaouona kuwa weupe. Kiwango cha nailoni cha kupinda mwanga ni takriban 1.53, cha hewa ni takriban 1, na cha epoksi kiko karibu sana na kile cha nailoni. Epoksi inapoingia katikati ya nyuzi na kuifukuza hewa, mwanga haukuti tena mpaka wa kuutawanya, hivyo hupita hadi kwenye kilicho chini, kama vile nguo nyeupe iliyoloa maji inavyoonyesha ngozi ya aliyeivaa. Rangi iliyotiwa kwenye nailoni bado ipo na inaendelea kuchuja mwanga, ila sasa inauchuja mwanga unaorudi kutoka chini. Ikiwa chini ni kweusi, mwanga mchache tu ndio unaorudi, na rangi huzama. Ikiwa chini ni kweupe au kunang'aa, rangi huchomoza.

Kwa sababu hiyo majaribio yangu yote huanza kwa swali la nini kiwe chini ya uzi, na swali la uzi wenyewe hufuata. Huchukua kipande cha fimbo nyeusi kilichonyooka na kukigawa sehemu tatu: ya kwanza huiacha ilivyo, ya pili huipaka rangi nyeupe isiyopitisha mwanga, na ya tatu huizungushia uzi wa metali wa rangi ya fedha. Kisha kila rangi ya uzi ninayotaka kuijua huizungusha juu ya sehemu zote tatu, kwa ukanda wenye upana unaotosha kuona, na kuupaka epoksi ile ile nitakayoitumia kwenye fimbo halisi. Namba huandikwa kando ya kila ukanda kwa wino, nazo hufunikwa na epoksi pamoja na uzi, ili zisifutike. Kipande kama hicho kina thamani kuliko picha yoyote, kwa sababu unaweza kukitoa nje, ukakigeuza juani, ukakirudisha kivulini, ukaona rangi inafanya nini katika mwanga ambao mvuvi ataishika fimbo yake.

Njano ndiyo inayofundisha zaidi. Juu ya fimbo nyeusi haina faida yoyote. Hata tabaka mbili haziiokoi. Juu ya nyeupe huwa na rangi ya asali, yenye joto, isiyo kali. Juu ya uzi wa fedha hugeuka kitu kingine kabisa: mng'ao wa metali unapita katikati ya njano na kutoka ukiwa wa dhahabu, lakini dhahabu yenye kina, inayobadilika kila fimbo inapozungushwa, tofauti na uzi wa metali wa rangi ya dhahabu ambao hung'aa juu juu tu. Nyekundu juu ya fedha nayo huwaka vivyo hivyo, na ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote anayetaka jaribio moja la kumshawishi. Buluu iliyokolea juu ya fimbo nyeusi hudhaniwa kuwa haina maana, kwa kuwa kivulini huonekana nyeusi tupu. Itoe juani. Buluu huchomoza ndani ya weusi wakati fimbo inapogeuzwa, halafu hupotea tena. Ni urembo wa staha, usiomwita mtu kutoka mbali, na mimi huuthamini sana kwenye fimbo ambazo mwenyewe hapendi makeke.

Hariri huenda mbali zaidi ya nailoni katika jambo hili. Ni nyembamba, huchukua vanishi au epoksi hadi ndani kabisa, na ile nyeupe, juu ya mwanzi uliokolea rangi ya asali, karibu isionekane: kinachobaki ni mistari ya kingo tu, na vifundo vya mwanzi vikionekana chini yake. Uwazi huo una matokeo yanayomsumbua anayeanza. Mguu wa pete, ukiwa wa chuma cheupe, utaonekana ndani ya ukanda kama doa refu lililofifia, na ukanda mzuri utakuwa na kovu katikati. Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kufunga pete, mguu husuguliwa kwa msasa laini, huchongwa ncha yake iwe nyembamba ili uzi upande bila kuruka, kisha hupakwa rangi inayofanana na fimbo iliyo chini, na kuachwa ukauke kabisa. Hapo uzi unaweza kuwa wazi kiasi chochote bila kufichua chuma.

Wapo wanaotaka rangi ibaki ilivyo, na njia zao ni mbili. Ya kwanza ni uzi uliotiwa dawa kiwandani ili usipitishe mwanga, ambao hushika rangi yake bila msaada wowote. Ya pili ni kuupaka uzi wa kawaida dawa ya kulinda rangi, kimiminika chepesi kinachoingia kati ya nyuzi na kuziba nafasi kabla ya epoksi kufika. Dawa hiyo hutaka subira: uzi uloweshwe kabisa, ziada iondolewe, uachwe ukauke, na zoezi hilo lirudiwe, kwa maana mahali palipokosa dawa epoksi itapenya na kuacha baka jeusi lisiloweza kuondolewa isipokuwa kwa kukata uzi wote. Uzi wa kiwandani ni wa uhakika zaidi, ingawa kwa jicho langu una ubutu fulani, kana kwamba umepakwa chaki.

Pingamizi langu kuu kwa dawa ya kulinda rangi halihusu uzuri. Dawa ikishaziba nafasi kati ya nyuzi, epoksi hukaa juu ya uzi bila kuingia ndani na kuufikia mwili wa fimbo. Kwenye ukanda wa mapambo karibu na mpini jambo hilo si zito. Kwenye ukanda unaoshika pete ya fimbo itakayopambana na samaki wakubwa baharini, mahali ambapo maji ya chumvi hutafuta kila mwanya, mimi nataka epoksi iunganishe uzi, mguu wa pete na fimbo viwe kitu kimoja. Kwa hiyo kanda za pete huziacha zinywe epoksi, na kama kuna rangi ya kuhifadhiwa, basi iwe kwenye kitako cha fimbo. Wapo mafundi hodari wanaotumia dawa kila mahali na fimbo zao zinadumu, lakini hao huipaka kwa uangalifu mkubwa, na wasomaji wangu wengi ndio kwanza wanaanza.

Kuhusu uzungushaji wenyewe nitasema machache, kwa kuwa mikono hujifunza kwa kurudia. Uzi wa saizi A ni mwembamba na hufaa kwa fimbo nyepesi na kwa mapambo yenye maelezo madogo. Saizi D ni mnene zaidi, hujaza haraka, na hutumika kwenye fimbo nzito na kwenye michoro ya kitako. Mwanzo hufungwa kwa kuukatisha uzi juu ya mkia wake na kuuzungushia mara 5 au 6 kabla ya kuukata mkia. Mwisho hufungwa kwa kitanzi kilicholazwa chini ya mizunguko michache ya mwisho: uzi hukatwa, hupitishwa kwenye kitanzi, na kitanzi huvutwa ili kiuingize mkia chini ya mizunguko hiyo. Mkazo uwe wa kutosha kuuzuia uzi usiteleze, lakini si mkali kiasi cha kushindwa kuisogeza pete kidogo kwa kidole unapoinyoosha na wenzake. Mapengo hufungwa kwa kusugua ukanda kwa kifaa laini cha plastiki au cha mfupa kisicho na makali. Vinyweleo vilivyobaki hupitishiwa mwali mdogo wa kibatari cha spiriti kwa kasi, bila kuusimamisha hata kidogo, kwa maana joto ni adui wa fimbo na wa nailoni pia. Fimbo nayo ifutwe kwa spiriti kabla ya kuanza, kwani mafuta ya vidole huifanya epoksi ikimbie na kuacha vishimo.

Jaribio rahisi lenye matunda mengi ni kuzungusha nyuzi mbili kwa pamoja. Nyuzi mbili za rangi tofauti zikienda sambamba hutoa mistari myembamba ambayo kwa umbali wa mkono huchanganyika machoni na kuwa rangi ya tatu. Ukitaka ukanda unaohama polepole kutoka rangi moja hadi nyingine, unaanza na mizunguko mingi ya rangi ya kwanza ukiingiza mmoja wa rangi ya pili, kisha unapunguza ya kwanza na kuongeza ya pili: 5 kwa 1, 4 kwa 2, 3 kwa 3, 2 kwa 4, 1 kwa 5. Kila kuingia na kutoka kwa uzi kunapaswa kuwa upande mmoja wa fimbo, ule ambao pete zitaufunika, ili mikia isionekane. Hapa uwazi wa uzi huleta faida isiyotarajiwa. Kwa uzi uliozibwa, hatua kati ya uwiano mmoja na mwingine huonekana kama ngazi. Kwa uzi uliokunywa epoksi, mizunguko ya jirani hupeana rangi kidogo pembezoni, na ngazi zile hulainika.

Kutoka hapo ni hatua fupi hadi kwenye pambo ambalo mafundi hulifananisha na manyoya ya chui milia, na ambalo kwangu ndilo kilele cha majaribio ya uzi. Halina mchoro wowote uliopangwa. Tabaka la kwanza ni nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja, moja nyeusi na moja angavu, ambayo mara nyingi huwa ya metali. Tabaka hilo hupakwa epoksi na kuachwa likauke. Juu yake huzungushwa nyuzi tatu kwa pamoja, mbili zikiwa kama za chini, na ya tatu ikiwa ya kuondolewa. Ukifika mwisho, uzi ule wa tatu huvutwa polepole na kutolewa wote, na nyuma yake hubaki nafasi nyembamba zinazofungua dirisha la kuonea tabaka la chini. Kisha epoksi ya mwisho hupakwa.

Kinachotokea hapo ni tukio la macho. Seti mbili za mistari inayokaribia kulingana lakini hailingani zikilazwa moja juu ya nyingine, kuna mahali mistari mieusi ya juu inaangukia mistari angavu ya chini na kuizima, na mahali inapoangukia mieusi na kuiacha ile angavu iwake. Mahali hapo huhama kidogo kidogo kadiri mistari inavyopishana, na kwa hiyo jicho huona milia mipana, iliyopinda, ambayo haimo kwenye uzi wowote. Fimbo ikigeuzwa, pembe ya kutazamia hubadilika kwa sababu kuna unene wa epoksi kati ya matabaka, na milia hutembea. Unene huo ndio wa kuchezea katika majaribio. Epoksi ya kati ikiwa nyembamba sana, milia hukaa karibu tuli. Ikiwa nene kidogo na yenye mawimbi madogo juu yake, mizunguko ya tabaka la juu hupanda na kushuka, nafasi kati yake hubadilika, na milia huwa ya kutotabirika, jambo ambalo macho yangu huliona kuwa zuri zaidi. Anayesawazisha epoksi ya kati hadi ikawa laini kama kioo hupata milia ya mpangilio mkali, inayoonekana kama kazi ya mashine.

Uchaguzi wa rangi hapa una sharti moja. Tofauti ya mwanga na giza kati ya nyuzi mbili ni muhimu kuliko tofauti ya rangi. Nyekundu na kijani vyenye giza sawa hutoa ukungu usio na milia, ilhali nyeusi na fedha, au buluu iliyokolea na dhahabu, hutoa milia iliyo wazi. Ukitumia uzi wa kawaida wa nailoni wenye rangi nyepesi kwa upande angavu, epoksi itaunywesha na kuuzamisha, na tofauti ile itapotea. Hapa mimi mwenyewe huuacha uwazi na kutumia metali, ambayo rangi yake haizimwi na epoksi. Uzi wa metali hauvutiki kama nailoni na hupasuka ganda lake ukivutwa kwa nguvu, kwa hiyo mkazo wa kibiringo chake upunguzwe peke yake, bila kugusa ule wa uzi wa jirani.

Michoro ya almasi kwenye kitako cha fimbo ni ulimwengu mwingine, wa vipimo. Uzi hupanda fimbo kwa mzunguko wa mshazari, hufika juu, hurudi kwa mshazari wa upande mwingine, na kila zinapokatana nyuzi za kupanda na za kushuka ndipo almasi inapojengwa. Makutano huangukia pande mbili zinazotazamana, na upande mmoja unapaswa kuwa kwenye mstari wa pete, vinginevyo fimbo nzima itaonekana imepinda hata kama imenyooka. Ili kupata upande wa pili, zungusha ukanda mwembamba wa karatasi kwenye fimbo, weka alama panapokutana, ukunje katikati, na uurudishe. Mkunjo utakuonyesha mahali.

Swali linalowatatiza wengi ni umbali kati ya almasi moja na nyingine. Jibu limo kwenye mzingo wa fimbo. Uzi unaopanda umbali sawa na mzingo katika kila mzunguko mmoja unalala kwa digrii 45 kutoka kwenye mhimili, na unapokatana na mwenzake anayeshuka hutengeneza pembe mraba. Fimbo yenye kipenyo cha mm 16 ina mzingo wa karibu mm 50, kwa hiyo makutano ya upande mmoja yakiwa kila mm 50 almasi zitakuwa za pembe mraba. Lakini fimbo hupungua unene kuelekea nchani, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Ikiwa mwisho wa mchoro kipenyo ni mm 14, mzingo umeshuka hadi karibu mm 44, na anayeendelea na mm 50 ataona almasi zake zikirefuka moja baada ya nyingine. Mimi hugawa nafasi kwa kushuka: 50, 48, 46, 44, jumla mm 188, na almasi zote hubaki na sura moja ingawa ukubwa wake unapungua, jambo ambalo jicho hulipokea bila shida kwa kuwa fimbo yenyewe inapungua.

Nyuzi zikiongezwa pande zote mbili za uzi wa kwanza kwa zamu, almasi hupanuka kutoka katikati. Zikiongezwa upande mmoja tu, mchoro hugeuka kuwa mishale inayoelekea upande mmoja. Hiyo ndiyo alfabeti nzima, na michoro yote mikubwa hutokana na kubadilisha rangi na idadi. Kuufunika mwili wa fimbo kabisa kunahitaji nyuzi nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kwa uzi wenye upana wa mm 0.25 uliolala kwa digrii 45, kila uzi unachukua takriban mm 0.35 ya urefu wa fimbo, na nafasi ya mm 50 inahitaji nyuzi 140 hivi za kupanda na nyingine kama hizo za kushuka. Anayeandika mpangilio wa rangi kwenye karatasi kabla ya kuanza, akaweka alama kila anapomaliza duru, hatapotea katikati.

Katika michoro hii uwazi wa uzi unaweza kutumiwa kwa makusudi kwenye kivuli cha almasi. Nyuzi chache za kwanza, zile za kiini, ziwe za metali au zilizotiwa dawa kiwandani. Zinazofuata ziwe za nailoni ya kawaida katika rangi ile ile. Zikinywa epoksi, zitakolea, na almasi itaonekana ina kina kuelekea pembezoni bila kubadilisha rangi hata moja. Ni jambo dogo la kutekeleza, na sijaona njia nyepesi zaidi ya kuupa mchoro bapa umbile.

Epoksi inastahili heshima sawa na uzi. Aina nyingi za kazi hii huchanganywa nusu kwa nusu kwa ujazo, na kipimo kiwe cha sirinji mbili tofauti zisizobadilishana. Kiasi kidogo mno ni hatari, kwa kuwa kosa la tone moja katika ml 1 ni kubwa kuliko katika ml 3, na epoksi isiyo na uwiano haikauki bali hubaki ikinata. Ikishakorogwa taratibu kwa dakika kadhaa, imwagwe juu ya karatasi ya alumini iliyotandazwa: ikiwa imetawanyika, joto lake huondoka na hukaa majimaji kwa muda mrefu kuliko ikibaki kwenye kikombe, na mapovu hupanda juu na kupasuka yenyewe. Tabaka la kwanza liwe jembamba, la kuloweka tu, na ziada iondolewe kwa brashi. Hapo ndipo rangi inapobadilika mbele ya macho yako, na pia ndipo hewa iliyo ndani ya uzi inapotoka, kwa hiyo anayeharakisha kuweka tabaka nene huifungia hewa hiyo humo. Fimbo huzungushwa na mota ya polepole kwa saa nyingi ili epoksi isitiririke na kuning'inia. Unyevu mwingi hewani huweza kuacha utando wa mafuta juu ya epoksi, kwa hiyo chumba kikavu chenye joto la wastani kinafaa kuliko sehemu ya wazi.

Uzito nao ni sharti linaloamua pambo likae wapi. Kila tabaka la uzi na epoksi huongeza gramu, na gramu karibu na ncha huhisiwa na mkono kuliko gramu karibu na mpini, kwa kuwa fimbo hutikisika ikiwa imeshikwa mwisho mmoja. Ukanda mrefu wa matabaka mawili kwenye theluthi ya juu huifanya fimbo irudi polepole baada ya kupinda, na mvuvi ataona urushaji wake umezembea. Kwa hiyo pambo la chui milia na almasi hukaa kwenye kitako, mahali fimbo isipopinda sana, na kuelekea nchani kanda ziwe fupi, za saizi A, tabaka moja, zenye epoksi ya kutosha kuufunika uzi tu. Huko juu uwazi wa uzi unafanya kazi yote ya urembo bila kuongeza chochote: ukanda wa buluu iliyokolea usio na nakshi yoyote, juu ya fimbo nyeusi, hauna uzito zaidi ya ule ambao pete ingeuhitaji hata hivyo.

Jaribio ninaloliandaa sasa linahusu hariri juu ya faibaglasi isiyopakwa rangi, ile inayopitisha mwanga kwa rangi yake ya asili ya manjano mepesi. Juu ya fimbo ya kaboni, mwanga unaorudi kupitia uzi ni ule unaoakisiwa juu ya mwili wa fimbo peke yake. Kwa faibaglasi iliyo wazi, mwanga unaweza pia kuingia upande wa pili wa fimbo na kutokea kwenye uzi kutoka nyuma, na ninatarajia hariri ya kijani na ya machungwa iwe na rangi moja fimbo ikiwa mbele ya jua na nyingine jua likiwa nyuma ya mvuvi. Kipande cha majaribio kitakuwa na kila rangi mara mbili, mara moja juu ya faibaglasi tupu na mara moja juu ya msingi wa hariri nyeupe, ili nijue kama tabaka la ziada linalainisha mwanga huo au linauzima.